Kichwa cha Treni Kioshwe Kwanza

Katika mji ule, saa sita ya mchana haikuletwa na jua. Jua lilikuwepo, tena kali la kuunguza utosi, lakini hakuna aliyelipa kazi ya kupima wakati. Saa sita ilikuwa pale treni inapopita. Ikipita alfajiri, watoto hawajanywa hata uji, kengele ya stesheni iligongwa, ikawa saa sita, na akina mama wakaipua sufuria za maji matupu wakaita chakula cha mchana. Ikipita magharibi, kuku wameshaingia bandani, kengele ileile iligongwa, na aliyekuwa anajinyoosha kitandani akaitwa aje kula. Ndiyo maana treni ile haikuwahi kuchelewa tangu dunia iumbwe. Waliochelewa ni watu. Ama waliwahi, na kuwahi ndiko kulikowaua.

Reli iliukata mji katikati kama muhogo. Upande wa huku nyumba, upande wa kule kisima, zahanati na makaburi. Mtu wa mji ule, awe na kiu, awe mgonjwa, awe amekufa, hana budi kuvuka. Pa kuvukia palikuwa mahali pamoja tu, tambukareli, pale barabara ya vumbi inapopanda juu ya vyuma viwili na kushukia upande wa pili. Hapakuwa na geti, hapakuwa na taa, hapakuwa na mlinzi. Palikuwa na kibao kilichoandikwa SIMAMA, na kibao hicho kiliitazama barabara, kikaipa reli kisogo. Kalunde, binti wa mji ule, alikuwa amepita mbele yake maisha yake yote, akienda kuteka maji, akienda kuzika, bila kujiuliza kwa nini neno lile lilielekezwa upande mmoja tu.

Baraza la Reli, ambalo hakuna aliyepata kuliona likikaa ingawa kila nyumba ilipata hukumu zake, lilikuwa na sheria moja fupi. Treni haiwezi kusimama. Basi. Yaliyobaki yalijifuata yenyewe: asiyeweza kusimama halaumiwi kwa kutosimama, na anayeweza kusimama, asiposimama, amejiua mwenyewe na kaichafua treni ya watu. Ukiitazama sheria hiyo harakaharaka, inaingia akilini. Ukiitazama sana inakutia kizunguzungu, maana utaiona imekaa kila mahali, si relini peke yake. Mume anayepiga haambiwi asimame. Mke ndiye anayeulizwa kwa nini hakunyamaza. Mkubwa akija anakuja tu, na mdogo asiyejibanza ukutani anaulizwa macho yake yalikuwa wapi. Watu wa mji ule waliimeza sheria hiyo pamoja na maziwa ya mama zao, wala tumbo halikuwauma.

Tena walikuwa na jambo lao jingine, la kuchekesha kama lisingekuwa la kuliza. Treni ikipita, wote walipunga mkono. Mwenye jembe alilitua akapunga. Msusi alimwacha mteja kichwa nusu, akapunga. Mtoto mchanga alishikwa kimkono akapungishwa kabla hajajua kusema mama. Hakuna aliyewaamuru. Na treni, siku ikiamka na moyo mweupe, iliwajibu kwa honi, na mji mzima ukashinda unatabasamu kwamba leo tumesalimiwa.

Sasa, Kalunde alikuwa na kaka, jina lake Mihayo, dereva wa lori la matofali. Tumbo moja, wawili tu, na wazazi walishavuka kwenda upande wa makaburi zamani. Siku hiyo, kama ilikuwa siku, Mihayo alipakia matofali ya kusogeza mbele ukuta wa makaburi, kwa sababu makaburi yalikuwa yamejaa tena. Akapanda tambukareli, na lori likazima juu ya vyuma. Reli pale imenyooka hadi macho yanachoka. Kitu kilicho mbali unakiona kama punje, na punje inakua taratibu mbele yako. Treni ikaonekana. Waliokuwa kisimani walisikia honi, ndefu, ya furaha, halafu wakasikia kile walichokisikia. Wakapunga. Ndiyo, walipunga, usinitazame hivyo. Mkono ukishazoea haungoji ruhusa ya mwenyewe. Kisha kengele ikagongwa, ikawa saa sita.

Hukumu ya Baraza ilifika kabla vumbi la matofali halijatua. Marehemu aliwahi. Marehemu alisinzia kwenye usukani. Marehemu hakutoa ishara yoyote. Ndugu wa damu waje waoshe.

Hilo la kuosha ndilo lililokuwa kiini cha mambo yote. Maiti ya mtu aliyegongwa haikutoka stesheni mpaka nduguye aje na ndoo na kitambaa, akioshe kichwa cha treni, halafu akiombe radhi kwa sauti ya kusikika. Bila hivyo, mtu wako analala ghalani kati ya magunia ya chumvi, na joto la mji ule halikuwa na huruma kwa waliolala.

“Shikamoo, Bwana Stesheni,” Kalunde alisema, ndoo mkononi.

“Marahaba, Mashavu. Pole kwa msiba.”

“Mimi si Mashavu. Mashavu ni shangazi yangu, huyu hapa nyuma. Mimi Kalunde.”

Bwana Stesheni, mtu mnene mwenye kofia iliyomkaza mpaka paji la uso likaota mstari, alimtazama yeye, akamtazama shangazi yake, akarudi kumtazama yeye. Hakuona tofauti. “Alikuja yeye, wakaja wengine, umekuja wewe,” alisema. “Ndoo ileile, kitambaa kilekile, macho yaleyale mekundu. Majina yenu yananichosha bure.”

“Nimekuja kumchukua kaka yangu.”

“Yupo. Yuko salama kabisa.”

“Salama!”

“Ghala limefungwa, hakuna panya. Kichwa cha treni kioshwe kwanza, halafu umchukue. Hiyo ndiyo taratibu, sikuitunga mimi.”

Alimruhusu amwone kidogo. Mihayo alikuwa amelazwa juu ya turubai, uso wake mzima, kana kwamba alikuwa anafikiria jambo na hataki kusumbuliwa. Kifua chake kilikuwa wazi.

“Shati lake liko wapi?” Kalunde aliuliza.

“Alikuja hivyo,” alijibu Bwana Stesheni, akafunga mlango.

Shangazi Mashavu alimshika mkono, akamwongoza kwenye jukwaa kama anavyoongozwa bibi harusi. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye kutembea bila kelele, na katika mji ule alikuwa ndiye anayejua kuosha kuliko wote. “Usitazame juu,” alimwambia kwa sauti ya chini. “Anzia chini, kwenye vyuma vya mbele, damu inashika huko. Ukimaliza sema: Tusamehe, tumekuchafua. Mara moja inatosha, ila isikike.”

“Wewe uliyasema maneno hayo, Shangazi?”

“Nilimsemea mume wangu. Nikawasemea na wanangu, wote wawili.” Akagusa koo lake. “Mara ya kwanza yanakwama hapa. Baadaye yanatoka yenyewe.”

“Yalikusaidia nini?”

“Kulala, mwanangu. Nikikumbuka kwamba haiwezi kusimama, kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kufanya kitu, basi napata usingizi. Kidogo. Usinichokonoe, osha.”

Kalunde akaosha.

Osha. Hii nyekundu ni ya nani? Vumbi la tofali likilowa nalo huwa jekundu. Basi hii ni tofali. Hii je? Osha, usiulize. Tulinyonya titi moja, yeye kwanza, mimi nikaja nikanyonya alichobakiza. Osha. Chuma hiki kikilowa kina uso ndani. Uso wa Shangazi. Nikipangusa unakuwa wangu. Kikilowa tena unakuwa wa mwanamke nisiyemjua, naye ana kitambaa, naye anapangusa kutokea ndani, mkono wake juu ya mkono wangu. Mmekaa humo tangu lini, dada zangu? Nani alianza? Au hakuna aliyeanza, ni mmoja tu anayeosha, anaitwa kila siku jina jingine, na kila siku anafikiri ni mara yake ya kwanza? Osha. Tusamehe. Bado, usiseme bado. Tumekuchafua. Sisi. Na matumbo yetu. Osha.

Mkono wake ukagusa kitu laini kwenye ndoano ya mbele. Akakivuta. Lilikuwa shati la Mihayo, lile la mistari ya kijani alilolipenda mpaka watu wakamtania kwamba amezaliwa nalo. Halikuwa limechanika. Vifungo vyake vilikuwa vimefunguliwa vyote, kimoja kimoja, mpaka vya mikononi. Mtu aliyesinzia kwenye usukani havui shati. Mtu anavua shati mchana wa jua kali, juu ya reli, kwa sababu mkono mtupu anaona ni mfupi na anataka aonekane kutoka mbali.

Kalunde alirudi nyuma akiwa amelikumbatia shati lile, na hapo ndipo alipoiona treni kwa mara ya kwanza. Alikuwa ameiona kila siku, lakini ikipita. Alijua mvumo wake, upepo wake, mkia wake. Hakuwa amepata kuiona hivi, na magurudumu yake, na kutu, na nyasi iliyonaswa pembeni, na nzi wanaotembea juu ya bati bila wasiwasi. Kioo cha dereva kilikuwa cheusi. Watu wengine husema humo ndani hamna mtu. Ndoo yake ilikuwa chini ya pua ya treni, na maji ndani ya ndoo yalikuwa yametulia.

“Bwana Stesheni,” aliita. “Hii treni imesimama.”

“Hapa ni stesheni.”

“Kwa hiyo inaweza kusimama.”

“Stesheni inasimama. Njiani haiwezi.”

“Nani aliijaribu?”

Bwana Stesheni alivua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Hakuwa mtu mbaya; alikuwa mtu aliyekaa mahali pamoja muda mrefu mno. “Mashavu, nisikilize. Kitu kisichowezekana hakijaribiwi. Sasa kila mtu akianza kukijaribu, tutajuaje kwamba hakiwezekani?”

“Shati hili lilikuwa mkononi mwake. Alikuwa anaisimamisha.”

“Baraza limesema hakutoa ishara.”

“Na hili ni nini?”

“Hilo ni nguo. Lioshe nalo.” Akasogea karibu, akashusha sauti, na sauti yake ikawa karibu ya huruma, jambo lililomuumiza Kalunde kuliko yote. “Sema maneno umchukue ndugu yako ukamzike. Au usiyaseme, umwache. Joto hili unaliona mwenyewe.”

Akayasema. Tusimcheke; kila mmoja wetu ana stesheni yake aliyoinamia kwa ajili ya mtu anayempenda. Yalikwama palepale Shangazi aliposema yatakwama, kisha yakatoka, na yakasikika. Treni haikujibu kitu. Ilikwenda zake huko inakogeuzia, inang’aa pua kama mtoto aliyeogeshwa, na mlango wa ghala ukafunguliwa.

Jeneza lilibebwa na majirani. Mbele kabisa alikuwa Sizya, aliyekuwa akipakia matofali pamoja na Mihayo, na mji mzima ulifuata, kwa sababu mji ule ulikuwa hodari sana wa kuzika. Kalunde alitembea kando, shati begani, bado limelowa. Treni ilikuwa haijarudi, kwa hiyo saa sita ilikuwa haijafika, kwa hiyo wote walikuwa wanakwenda haraka, wavuke kabla wakati haujawakuta. Walipofika tambukareli, Kalunde alikitazama kile kibao kilichoipa reli kisogo. Wabebaji walikuwa wameshapanda juu ya vyuma.

“Mtueni hapo,” alisema.

Sizya alidhani hakusikia vizuri. “Tumtue wapi?”

“Hapohapo mliposimama.”

“Dada, hapa ni relini.”

“Naona.”

“Treni inakuja wakati wowote!”

“Ndiyo maana. Mtueni, Sizya. Ni kaka yangu, si wako.”

Ukweli ni kwamba walichoka kubeba, na mtu aliyefiwa hakatazwi jambo. Wakalitua, wakashuka upesi, wakasimama kando wakishikana mikono. Kalunde akabaki karibu na jeneza. Na punje ikaonekana kule mwisho wa macho.

“Mtoe!” Shangazi Mashavu alipiga kelele, yeye asiyepiga kelele. “Kalunde! Unataka kumuua mara ya pili?”

“Hafi mara mbili, Shangazi. Lakini aliuliza mara moja, hakujibiwa. Namuulizia tena.”

Punje ikawa embe. Embe likawa kichwa cha ng’ombe. Mtu anaposubiri jibu ndipo anapojua kwamba hakuwa akilitaka kwa moyo mmoja, na Kalunde, nataka hili lieleweke, alitaka isisimame. Sehemu moja ya moyo wake, tena kubwa, iliomba ipite, imponde kaka yake, iponde na jeneza na shati na yeye mwenyewe, ili iwe kweli kwamba haiwezi. Maana ikipita, Mihayo atakuwa ameuawa na chuma, na chuma huwezi kukichukia. Lakini ikisimama? Miguu yake ilitaka kuondoka. Aliizuia. Nyuma yake mji mzima ulikuwa umeduwaa, na kwa mara ya kwanza tangu reli ilazwe, hakuna mkono hata mmoja uliopungwa.

Kikasikika kilio cha vyuma, kirefu, na harufu ya kitu kinachoungua. Kisha kimya. Pua iliyooshwa ilikuwa imesimama mbele ya jeneza, umbali wa mtu kunyoosha mkono.

Kile kioo cheusi kilifunguliwa, na kichwa cha mtu kikatokea. Mtu wa kawaida tu, mwembamba, ndevu za siku mbili tatu. Mkononi alishika kikombe cha chai, na chai haikuwa imemwagika.

“Kuna nini, jamani?” aliuliza.

Kalunde alitafuta sauti yake, akaipata mbali. “Umesimama,” alisema.

“Nimesimama, ndiyo. Leo hamkunipungia. Nikasema, hawa watu wa mji huu hawana kawaida ya kuninunia, lazima kuna jambo.”

“Na yule wa lori?”

“Yule wa shati?” Uso wa dereva ulichangamka. “Ah, yule! Yule alinipungia kuliko wote niliopata kuwaona. Akavua mpaka na shati, anaruka juu kama mtoto. Nikamjibu kwa honi ndefu mpaka mwisho. Huyo ni mtu wa watu.” Akanywa funda la chai. “Hajambo lakini?”

Upepo ulipeperusha kitambaa cha jeneza, ukakirudisha. Bwana Stesheni, aliyekuwa amekuja mbio ameshika kengele yake, alisimama akihema, na hakuwa na sheria ya kusema. Katika umati watu walianza kutazamana, kila mmoja akihesabu wa kwake bila kufungua mdomo, mume, mjomba, mtoto aliyetumwa maji. Na kila mmoja alikuwa anakumbuka honi, ile honi ndefu, ya furaha. Kalunde aliwageukia. Alidhani sasa watapiga kelele. Alidhani watapanda wamteremshe yule mtu na kikombe chake, au watakigeuza kile kibao, au watalia tu, lakini watalia pamoja naye. Hakuna aliyemtazama dereva. Walikuwa wanamtazama yeye.

Shangazi Mashavu alikuja taratibu mpaka kwenye vyuma. “Inasimama,” alisema, kama mtu anayejaribu neno la kigeni. “Mume wangu. Inasimama. Wanangu.” Kisha akamshika Kalunde mabega, na vidole vyake vilivyozoea kuosha vilikuwa na nguvu ajabu. “Kwa nini hukuiacha ipite, mwanangu? Ningekuokotea vipande vyake. Ningelia na wewe mpaka macho yaishe. Sasa mimi nitalalaje?”

Kalunde alitaka kusema kwamba hakukusudia kumwumiza, kwamba aliulizia wa kwake tu. Lakini Sizya na wenzake walikuwa wameshalinyanyua jeneza, harakaharaka, bila kungoja aseme, wakalivusha upande wa makaburi. Wanawake walimsukuma kando, si kwa ukali, kama mtu anavyosogezwa mlangoni. Mmoja akamwambia dereva, “Pita, baba, samahani, pita,” na mwingine akasema, “Amefiwa, usimsikilize,” na wa tatu alikuwa ameshapiga magoti anapangusa ile pua kwa upande wa kanga yake, ingawa haikuwa na doa.

Dereva akafunga kioo. Treni ikaguna, ikajivuta, ikaanza kupita. Na mikono ikainuka. Wa Sizya kwanza, halafu wa Bwana Stesheni, halafu yote, pande zote mbili za reli, hadi watoto waliobebwa mgongoni. Shangazi Mashavu alikuwa wa mwisho. Alipunga kwa nguvu, machozi yanamtiririka, akiikazia macho treni kama anayeisihi isahau kwamba iliwahi kusimama.

Honi ikalia, ndefu, ya furaha. Mkono wa Kalunde uliinuka wenyewe. Akaushika kwa mkono wa pili, akaushusha, ukainuka tena, akaufunga kwa lile shati la mistari ya kijani na kuukandamiza kifuani mpaka behewa la mwisho lilipopita. Kisha kengele ikagongwa, ikawa saa sita.